Vita vya Pelenato na Mafuta ya Vaisulu

Simameni, enyi mpitao na vikapu vyenu! Tueni mizigo, fukuzeni kuku mlangoni, ketini mnisikilize. Kwa maana leo sisimulii habari za wafalme waliouana kwa ajili ya visiwa, wala za mitumbwi iliyovuka bahari kuu kwa kufuata nyota. Hayo ni mambo madogo. Leo nasimulia jinsi Pelenato wa Vaisulu, Bwana wa Matangi, Mlinzi wa Mtaro, aliyesomea maji machafu kwa majuma machache huko New Zealand na kurudi akitembea kama aliyeyaumba, alivyopigana na mafuta ya nazi, akayashinda, akayatia ndooni. Nawe Povu, uliyezaliwa na jani na upepo, uliye mwepesi kuliko ahadi za kampuni, njoo ukae ulimini mwangu nisije nikaishiwa maneno kabla ya vita kuisha.

Ijulikane kwanza chanzo cha uhasama. Kiwanda cha kukamua nazi kilisimama juu ya kijiji, na chini ya kijiji palikuwa na bwawa la chemchemi ambamo watu wa Vaisulu walioga tangu dunia haijajua kuvaa nguo. Kila mitambo ilipooshwa, maji yake yalishuka na mafuta, nayo mafuta yakalala juu ya bwawa yakimetameta, na mtu aliyeingia kuoga alitoka ananuka kama andazi. Watu walilalamika miaka na miaka. Naye Aukuso, meneja wa kiwanda, avaaye tai hata jua likiwa utosini, aliwajibu kwa upole uleule: "Jamani, mafuta ya nazi si sumu. Ni chakula."

"Basi lete mkate wako uchovye, baba," akamwambia siku moja Taligalu, mke wa chifu mkuu, bibi mwenye mvi na mdomo usiozeeka. "Uchovye palepale, sisi tukutazame."

Aukuso hakuchovya. Baraza la machifu likaketi, likanena tangu asubuhi hadi jua kupinda, na hapo Pelenato, mtunza matangi wa kiwanda, ambaye hakuna aliyemwuliza neno, akainuka, akakohoa kwa heshima, akafungua kinywa chake kipana. "Enyi waheshimiwa, nguzo za Vaisulu! Mafuta haya nayajua kwa jina na kwa ukoo. Jumapili asubuhi, kabla ya kengele ya kanisa, bwawa litakuwa safi. Likiwa na doa la mafuta hata dogo kama jicho la dagaa, nifukuzeni kijijini mimi na nyumba yangu!"

Baraza, ambalo halijawahi kuletewa zawadi nono namna ile, likakubali kabla hajaketi. Na baraza la Vaisulu likisema mtu ahame, mtu huhama, na migomba yake hurithiwa na majirani.

Mkewe Losivale alizipata habari akiwa anaosha nywele, kabla mumewe hajafika nyumbani.

"Pelenato, umeapa na nyumba yangu?"

"Nyumba yetu, mke wangu."

"Aa! Ya kuapia ni yetu. Ikivuja ni yangu."

"Mwanamke, hii ni saa ya historia."

"Historia gani? Mama yangu amezikwa hapo mbele ya mlango. Nikihama nimbebe kwenye kikapu?" Akageuka, akaendelea kuosha nywele, na machozi yake yakachanganyika na povu. Nami nasema wazi, katika vita hivi vyote hakuna kilichoniuma kama kumwona mama yule akilia beseni likiwa mbele yake, kwa sababu ya mdomo wa mtu mwingine.

Lakini shujaa hakuyaona machozi. Aliliona povu. Lilikuwa povu la fisoa, majani ambayo wanawake wa Samoa huyafikicha kuoshea nywele na mikeka yao ya thamani, povu jeupe, zito, lisilokufa upesi. Pelenato akapiga paja lake kwa kishindo. Huko ng'ambo alikuwa amefundishwa kwamba hewa ikipulizwa chini ya tangi hupanda kwa viputo, na viputo hushika mafuta vikayabeba juu, mradi kuwe na kitu cha kulifanya povu lisimame. Dawa ya kulisimamisha Aukuso alisema imeagizwa. Alikuwa anasema hivyo tangu kiwanda kifunguliwe.

"Nipe majani hayo!" akanguruma Pelenato.

"Hii ni sabuni yangu ya nywele."

"Ilikuwa sabuni. Sasa ni silaha!"

Basi Losivale na wanawake wenzake wakachuma fisoa magunia kwa magunia, wakayaponda, wakayakamua, na maji yake yakamwagwa katika tangi la zege lililokuwa nyuma ya kiwanda, lililopokea maji ya kuoshea mitambo, tangi fupi la kimo cha mtu aliyepiga magoti, lenye pengo ukingoni upande mmoja la kutolea maji mtaroni. Bomba la hewa likafunguliwa chini. Na Pelenato akashika kasia kuukuu la mtumbwi, akalikoroga tangi kama mtu anayepigana na nyangumi, akitweta, akitukana, akiimba zaburi. Ole wake! Kadiri alivyokoroga ndivyo mafuta yalivyopasuka vitone vidogovidogo visivyoonekana, yakajificha ndani ya maji, tangi lote likawa jeupe kama tui. Siku ya pili akakoroga zaidi. Siku ya tatu akawaita wenzake wakoroge pamoja naye, kwa kuwa shujaa akishindwa kwa nguvu huwa hana shauri lingine ila kuongeza nguvu.

Losivale alipita na kapu la majani, akachungulia. "Hilo tui ukilitia samaki, tutakula vizuri siku ya kuhama."

Jumamosi ikafika, na jua likaanza kuzama. Pelenato alikuwa bado anakoroga, mikono imevimba, sauti imekauka, wakati baragumu la kombe la bahari lilipopulizwa kijijini. Ilikuwa saa ya sa, kimya cha sala ya jioni. Katika saa hiyo hakuna atembeaye Vaisulu; gari husimama njiani, mtoto huketi alipo, na vijana wa zamu hujipanga barabarani na fimbo zao wakimtafuta wa kutozwa faini. Kasia likamponyoka mkononi. Akapiga magoti palepale alipokuwa, kando ya lile pengo la tangi, na wafanyakazi wakapiga magoti nyuma yake, naye Aukuso, aliyependa kusikiwa na Mungu na watu kwa pamoja, akaanza kuomba.

Akaiombea serikali, wizara kwa wizara. Akawaombea jamaa walio Auckland na jamaa walio Sydney. Akaiombea bei ya nazi. Na wakati huo, kwa kuwa hakuna aliyekoroga, na hewa peke yake ilikuwa ikipumua polepole chini ya tangi, viputo vikaanza kupanda kwa amani, kila kimoja na mzigo wake. Pelenato akafumbua jicho moja. Akaona povu limetanda, la rangi ya kahawia, nene, linang'aa mafuta. Na chini yake, Bwana asifiwe, maji yalikuwa yanatakata mpaka sakafu ya tangi ikaonekana.

Kisha akaona kwamba povu linazidi kupanda, na linaelekea kwenye pengo.

Fikirini, enyi wasikilizaji! Mbele yake jeshi lote la mafuta linaingia mtaroni, kuelekea bwawani. Nyuma yake meneja amefika kwenye maombi ya madaraja na barabara. Na kijana wa zamu amesimama uani, macho yamemtoka. Akiinuka, amevunja sa. Asipoinuka, amepoteza nyumba. Ndipo Pelenato alipovuta pumzi, na bila kunyanyua goti, akaliegemeza tumbo lake penye pengo, likaziba kama lililopimwa na fundi. Povu likamjaa kifuani, likamfika kidevuni, likamwingia puani. Hakupiga chafya. Aukuso akaomba mvua, akaomba jua, akaomba vyote viwili kwa kiasi. Hatimaye kombe likalia mara ya mwisho, na kabla "Amina" haijakauka Pelenato alikuwa amekamata upawa, akalikusanya povu lote, naam, mpaka utando wa mwisho, na vita vyote vile, na mafuta yote yale, vikaenea ndoo moja na masazo kidogo.

Jumapili asubuhi machifu wakashuka bwawani wamevaa nyeupe. Maji safi ya tangi yalikuwa yameachiliwa alfajiri, na chemchemi ilikuwa imekwisha kuyasukuma mafuta ya zamani nje ya bwawa. Taligalu akatangulia, akazama mzima, akaibuka, akazinusa nywele zake.

"Ni maji," akasema.

Kabla shangwe haijaanza, yule kijana wa zamu akajitokeza. "Waheshimiwa, Pelenato alisogea wakati wa sa. Nilimwona. Tumbo lilisogea."

Machifu wakatazamana, maana sheria ni sheria. Pelenato akafungua kinywa kuhutubia, lakini Losivale akamkanyaga mguu, akasogea mbele yeye.

"Waheshimiwa baba zangu, tumbo la mume wangu nimeishi nalo tangu niolewe. Sijaliona likisogea kwa ajili ya kazi yoyote. Iwapo jana lilisogea, basi huo ni muujiza, na muujiza haulipiwi faini."

Chifu mkuu alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Pelenato akatangazwa Mwokozi wa Maji, na msemaji wa baraza akaanza kuyataja matendo yake tangu kuzaliwa. Aukuso akarekebisha tai, akangoja zamu ya kueleza mchango wa kampuni. Lakini watoto walikuwa wamekwisha kuruka majini na nguo zao za kanisani, na kelele zao zikameza hotuba zote mbili. Losivale akaketi kwenye jiwe, akatumbukiza miguu, akaiacha humo mpaka kengele ya kanisa ilipolia.