Mchele Ndani ya Chupa ya Seriamu

Kwa Bwana Haitham,
Mkuu wa Maabara, Mbweni.

Assalaam alaykum. Mimi ni Mwanamkasi wa Kikwajuni, mke wa fundi wenu Muhiddin. Ndimi uliyenitoa maabara Jumatatu pamoja na kikapu changu. Nakuandikia kwa adabu, ingawa nyongo ingalipo.

1. Chumvi yenyewe. Muhiddin ameniambia inaitwa kloridi ya seriamu, na kwamba ikipata hewa hunywa unyevu mpaka ikarojeka. Sasa Unguja hii, ambako biskuti ikiachwa wazi asubuhi jioni inakunjika, nani alikushaurini kuileta?

2. Kosa langu. Nilimletea mume wangu chakula cha mchana, kama nilivyozoea tangu harusi. Nikaikuta chupa i wazi, chumvi imeanza kushikamana, mwenyewe kaenda kunawa. Nilikuwa natoka Darajani na mchele kikapuni, basi nikatia konzi moja unyonye unyevu, nikatikisa. Kila jiko la Kikwajuni hufanya hivyo, na hakuna jiko lililomfukuza mtu.

3. Ukanilaumu kwamba sikuvaa glavu wala miwani, eti vumbi lake huwasha ngozi na macho. Bwana Haitham, mie natwanga pilipili kavu kila wiki. Nalia, nafuta, naendelea.

4. Nikasema basi nitaikausha jikoni. Muhiddin akashika kichwa: ikipashwa moto na maji yake hutoa mvuke mkali na kuharibika. Haitaki maji, haitaki moto, haitaki mchele. Huyu mwali wa nani?

5. Hili ndilo linaloniuma. Chumvi hiyo ina sanduku lake la kioo, lina hewa kavu ya kununuliwa, na mume wangu huichungulia kila saa kama ina raha. Mie nikisema nasikia joto, naambiwa nifungue dirisha. Saa ya chakula ndiyo pekee niliyokuwa namwona akiwa hajachoka, na umeniondolea. Nina uchungu, sikufichi.

Kwa hiyo naomba uniruhusu nirudi na chakula. Ikishindikana, mruhusu Muhiddin aje nyumbani mchana. Ikishindikana hilo pia, nisajiliwe stoo kama kemikali adimu, nifungiwe pakavu, naye apangiwe kunikagua.

Nisalimie Bi Nadra wa stoo, wanafunzi wote, na mlinzi Ubwa, aliyenibebea kikapu hadi getini kwa heshima zote.

Ni mimi mwenye kusubiri jibu lako,
Mwanamkasi

Tanbihi: Kabla sijaifunga barua, jirani yangu Bi Kidawa ameingia jikoni, akafunua biriani ya Muhiddin iliyokuwa imepaliwa makaa, akaona wali mkavu, akatia kopo zima la maji. Kwa wema, anasema. Nimemtoa, na jikoni kwangu hakanyagi tena. Lile tangazo mlilobandika mlango wa maabara, kwamba Mwanamkasi ni marufuku kuingia, naomba nakala. Nitabadilisha jina tu.