Ushindi Umeahirishwa Hadi Awamu ya Pili

Ninayo furaha kuwatangazia wananchi wote kwamba mji wetu umeshinda.

Tangazo lenyewe lilitolewa Jumatatu asubuhi na Mkurugenzi wa Mji, kwa kipaza sauti, akiwa amesimama kwenye ngazi za ofisi yake. Alisema ushindi huo ni mkubwa, ni wa kihistoria, na umepatikana kabla ya muda uliopangwa. Mlinzi wa geti, aliyekuwa karibu, akauliza kwa adabu tumemshinda nani. Mkurugenzi akajibu kwamba suala hilo litashughulikiwa katika awamu ya pili. Tukapiga makofi. Lilikuwa jibu la busara, maana ukimjua adui mapema unaweza ukamwogopa bure.

Iliundwa Kamati ya Umbo la Ushindi. Kazi yake ilikuwa kuamua ushindi unafananaje, ili utengenezewe sanamu na kuwekwa kwenye mzunguko wa barabara kuu, pale ambapo wananchi walikuwa wakitarajia taa. Mimi niliteuliwa kuwakilisha mabibi. Vijana waliwakilishwa na baba mmoja mwenye mvi, aliyesema kwamba anaukumbuka ujana vizuri sana.

Siku ya kwanza tuliletewa Mtaalamu wa Alama, kijana mwembamba mwenye projekta. Kabla hajaanza aliniuliza kama naona vizuri, kisha akanisogezea kiti mbele kwa mikono yake mwenyewe. Nikajua huyo amelelewa.

Alituonyesha jinsi watu walivyouchora ushindi tangu zamani. Kwanza tuliona mfalme wa kale aliyechongwa ukutani, yeye mkubwa kama mti, maadui zake wadogo kama vidole, wote amewakamata nywele kwa mkono mmoja.

"Mbona wadogo hivyo?" nikauliza.

"Mchongaji alikuwa anakula kwa mfalme, Bibi."

Kisha tukaona mama mwenye mabawa akishuka kutoka juu, taji la majani mkononi. Mtaalamu akasema mji mmoja wa kale ulikuwa na sanamu ya mama huyo bila mabawa, na watu walisimulia kwamba aliachwa hivyo makusudi, asije akaruka akahamia kwa majirani. Tukaona tao kubwa la mawe ambalo jeshi lilipita chini yake likirudi nyumbani. Tukaona jemadari juu ya gari la farasi wanne, na tukaambiwa kwamba nyuma yake, inasemekana, alisimamishwa mtumwa wa kumnong'oneza sikioni: kumbuka wewe ni mtu tu.

"Huyo mtumwa alipewa kibali na nani?" akauliza Mkurugenzi.

Mtaalamu akasema vitabu havisemi.

"Basi huyo mwondoe. Endelea."

Mwisho akatuonyesha kwamba chini ya mguu wa mshindi karibu kila mara kuna mtu amelala. Bila wa chini, akasema, wa juu anaonekana kama mtu aliyepanda kiti kubadilisha balbu.

Mkurugenzi alifikiri kidogo. "Tunachukua vyote," akasema. "Isipokuwa yule mnong'onaji."

Hivyo umbo likapitishwa: mama mwenye mabawa, amevaa taji la majani, yuko kwenye gari la farasi wanne chini ya tao, na mguu wake wa kulia umemkanyaga mtu mgongoni. Kuhusu sura, Mkurugenzi alisema hapendi kujikweza, akatoka nje ili tujadili kwa uhuru. Alisimama nyuma ya mlango. Ni mlango wa kioo. Tukaazimia kwa kauli moja kwamba sanamu itakuwa na sura ya Mkurugenzi, pamoja na masharubu. Akarudi, akashangaa sana, akaongeza kipengele kimoja: azimio hilo lisiguswe na kikao chochote kitakachofuata, hata kama yeye hayupo. Nikaunga mkono. Mtoto akifurahi hivyo huwezi kumnyima.

Ilibaki sura ya yule wa chini. Mkurugenzi akachungulia dirishani. Mlinzi alikuwa kwenye kigoda chake getini, ameinama, anafunga kamba ya kiatu.

"Yule pale," akasema Mkurugenzi. "Sura ya kushindwa tayari anayo."

Mlinzi huyo sote tunamwita Mjomba. Hajawahi kumwacha mtu mvuani wakati anatafuta funguo. Hutoa mwavuli kwanza, funguo baadaye. Alipoitwa juu alivua viatu mlangoni asichafue zulia. Soksi yake ilikuwa imeshonwa kwenye kidole gumba kwa uzi wa rangi nyingine, mshono mdogo mdogo, safi. Nikajua ana binti anayempenda.

"Mkubwa, nina kosa gani?"

"Huna kosa, Mjomba. Lala kifudifudi."

"Hapa? Nina vumbi, mkubwa."

"Vumbi ndilo tunalolitaka. Wewe umeshindwa."

"Nimeshindwa na nani?"

"Usiharakishe mambo. Awamu ya pili."

Akalala. Fundi, mama mmoja mnene ambaye kwa kawaida hutengeneza simba wa saruji wa kuweka kwenye mageti ya matajiri, akampima kichwa kwa uzi. Nilimsikia akimwambia polepole, "Pole, baba, sikawii."

Jioni Mjomba alinibebea mfuko wangu hadi kituoni. Tulipofika hakuniachia mfuko.

"Mama, nisaidie. Wakwe wa binti yangu wanakuja siku ya uzinduzi. Hatujawahi kuonana. Basi linawashusha pale pale kwenye mzunguko."

"Sasa?"

"Sasa watashuka, wamkute baba wa binti amelala kifudifudi barabarani, mtu kamkanyaga mgongo. Nianzie wapi kuwaambia karibuni? Na yule kijana ni mzuri, Mama. Binti yangu anamtaka kweli."

"Si ukatae tu, mwanangu."

"Nikatae? Mimi kazi yangu kufungua geti, Mama. Ya kufunga wanayo wao."

Nililala na neno hilo. Kikao kilichofuata nilisimama, nikaomba yule wa chini abadilishwe sura, au asiwe na sura kabisa.

"Bibi Mjumbe," akasema Mkurugenzi kwa upole, "aliyeshindwa asipokuwa na sura, tutamcheka nani?"

Hoja yangu ikaanguka. Nikakaa. Nilimwona macho yake mekundu, nikamwambia alale mapema. Ni kazi ngumu kushinda bila kujua unamshinda nani.

Baada ya hapo idara zilianza kutoa maoni, na mimi nakiri sijapata kuona watumishi waliojituma kama wale. Idara ya Usafi ilikataa farasi kwa sababu ya kinyesi. Fundi akaeleza kwamba farasi wa saruji hawanyi. Idara ikajibu kwamba kanuni haibagui farasi. Farasi wakaondoka, na gari lao likaondoka nao, maana lisingekuwa na wa kulivuta. Idara ya Barabara ikasema tao litazuia malori, likavunjwa kwenye karatasi kabla halijajengwa. Taji nalo likazuiwa na Idara ya Bustani, inayokataza kuchuma majani.

Nami nikauliza swali dogo tu, kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa mbele yangu.

"Mwanangu Mkurugenzi, haya mabawa. Yule mama hataruka akahamia kwa majirani?"

Macho yakamtoka. "Ondoeni mabawa," akasema. "Leo leo."

Wiki hiyo hiyo alisafiri kikazi kwenda kumtafuta adui, akamwacha Kaimu Mkurugenzi, bwana mmoja mpole anayetembea na peremende mfukoni na kumgawia kila anayekohoa. Agizo la mwisho lilikuwa kwamba asipigiwe simu: maazimio yote yatekelezwe kama yalivyo, na sanamu imkute tayari imefunikwa.

Ndipo Fundi alipokuja na tatizo. Mabawa ndiyo yaliyokuwa yakimsawazisha yule mama. Sasa alikuwa anaelemea mbele.

"Mama mzima wa zege, kasimama kwa mguu mmoja juu ya mgongo wa mtu," akasema. "Mimi simhakikishii mtu. Ataangukia basi."

Idara ya Usalama ikaomba mshindi apimwe kwanza. Ikaulizwa kipimo cha mshindi kiko wapi. Hakikuwepo. Kaimu akafikiri sana, akala peremende yake mwenyewe, akatoa uamuzi: mshindi aahirishwe hadi awamu ya pili, na kwa sasa uzinduliwe ushindi wa sehemu iliyo tayari.

Sehemu iliyokuwa tayari ni yule aliyelala. Hakuna idara iliyokuwa na pingamizi naye. Hazuii malori, hana kinyesi, hana pa kuangukia. Usalama walimpa muhuri bila hata kumpima.

"Kichwa bado sijamwekea," akasema Fundi. "Nimwekee cha nani?"

"Cha mlinzi," akasema mjumbe wa vijana. "Si ndivyo tulivyoambiwa?"

Nikanyoosha mkono. "Mimi ni mzee, nisahihisheni. Si tuliazimia kwamba sanamu itakuwa na sura ya Mkurugenzi?"

Mwanasheria wa Mji, ambaye huwa anafunga dirisha kila anaponiona nimejitanda khanga mabegani, akafunga dirisha, kisha akasimama.

"Bibi Mjumbe yuko sahihi. Sanamu iliyobaki ni moja. Sura ya Mkurugenzi ni azimio la kamati. Sura ya mlinzi lilikuwa agizo la mdomo, tena la dirishani. Azimio liko juu ya agizo. Na azimio hili haliguswi na kikao chochote, hata kama mwenyewe hayupo."

"Na masharubu?" akauliza Kaimu.

"Yametajwa."

Tukapitisha kwa kauli moja. Fundi alijifuta uso kwa kona ya kilemba kwa muda mrefu kuliko jasho lilivyokuwa.

Siku ya uzinduzi watu walijaa mzunguko mzima. Mheshimiwa Waziri alikuja. Mkurugenzi alifika moja kwa moja kutoka safari. Adui hakupatikana, lakini mazungumzo yanaendelea. Sanamu ilikuwa chini ya shuka kubwa jeupe. Mkurugenzi alipoliona jinsi lilivyo chini chini, alisita kidogo. Kisha akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Mtakachokiona hapa ndicho nilichoagiza mimi mwenyewe. Kwa kila kitu, kuanzia sura!"

Waziri akavuta shuka.

Alikuwa amelala kifudifudi, mtu wa saruji, shavu moja limebanwa chini, masharubu yamesambaa vizuri juu ya zege. Fundi ana mkono. Mtu angedhani anapumua.

"Heee!" akasema mwanamke mmoja mwenye ndoo. "Bosi kaumia!"

Waziri alimtazama wa zege, akamtazama wa nyama. "Mmefanana mno," akasema. "Hongera. Na mshindi yuko wapi?"

"Awamu ya pili, Mheshimiwa," akajibu Kaimu, akampa peremende.

Waziri ni mtu wa vitendo. Aliona wapiga picha wamesubiri, aliona mgongo uko wazi na hauna mtu. Akapandisha suruali kidogo, akaweka mguu juu, akaangalia mbali. Picha zikapigwa. Akashuka, akapanda dereva wake. Kisha akapanda mwanamke mwenye ndoo, pamoja na ndoo. Kabla hata bendi haijamaliza wimbo, foleni ilikuwa imezunguka mzunguko wote, imenyooka, bila polisi. Kila mmoja alikuwa mshindi kwa muda wa picha moja, akishuka anampisha mwenzake. Sijapata kuona wananchi wameshirikishwa namna ile.

Basi likasimama. Wakashuka wakwe: mama mmoja mrefu, kijana wake, na shangazi wa kijana. Mjomba alikuwa amepewa kazi ya kuilinda sanamu, sare yake imepigwa pasi, binti yake yuko pembeni ameinamisha macho. Wakasalimiana. Yule mama akaiona foleni, akasema nao wapige picha, kumbukumbu ya siku.

Zamu yao ilipofika Mjomba aliwatangulia. Akainama, akafungua kamba, akavua viatu, akavipanga pembeni. Akamwambia yule wa zege, "Samahani, mkubwa," kisha ndipo akaweka mguu, na soksi yake ile ile, polepole, kama anamkanyaga mtu anayelala.

Mama mkwe alimtazama mpaka mwisho. Halafu akamgeukia shangazi. "Binti wa mtu kama huyu," akasema, "sina haja ya kuuliza lingine."

Mkurugenzi alikuwa bado amesimama, shuka mkononi. Washauri wake walimnong'oneza kwamba kuna njia moja tu: naye apande, apigwe picha, watu waelewe kwamba mshindi ndiye yeye. Akakubali. Akaelekea mbele.

"Foleni, mzee!" wakamwambia.

Akapanga foleni. Jua lilikuwa kali, na yule mwanamke aliyekuwa ameshapanda akamwazima ndoo aikalie. Alipofika mbele alinyanyua mguu, kiatu cheusi kinang'aa, na Mjomba akamshika mkono asianguke.

"Vua viatu, mkubwa," akamwambia. "Huyo naye ni mtu."