Staa wa Rhotia Avaa Surutia

Video ya wimbo imetoka jana, leo Karatu nzima haina habari nyingine. Nafika kijiweni kwa Selestina, pale nyuma ya kituo cha boda, nakuta kahawa haijamiminwa hata kikombe kimoja. Vichwa vyote vimeinamia simu moja iliyopasuka kioo.

"Rudisha nyuma! Rudisha!" Sylvesta anapiga kelele. Huyu ni dereva wa watalii, tunamwita Gia Moja, maana gari lake polepole ila mdomo hauna breki. "Hapo! Mnaliona hilo vumbi? Hilo vumbi ni langu."

"Lako kivipi?" nikamuuliza.

"Chalii, unadhani vumbi linajileta lenyewe? Dairekta anataka vumbi la Olbalbal kule Ngorongoro, na sisi tuko Rhotia, kwenye shamba la mahindi lililovunwa! Nikazungusha landkruza mpaka mbuzi wa jirani wakaanza kukohoa."

"We!" Selestina akashtuka, birika mkononi. "Kumbe hapo ni Rhotia? Si wameandika Ngorongoro?"

"Ngorongoro ya kamera, mama. Mabua tuliyalaza, tukaambiwa tusiyakanyage yasilie. Msanii mwenyewe kavaa singlendi, baridi inamtafuna, meno yanagonga kuliko biti. Kila wakisema akshen, anaomba kwanza koti."

"Na hao morani je?"

"Wa kweli waliitwa, wakaja na ng'ombe kabisa. Dairekta akarusha ile droni, ng'ombe wakatimua mbio mpaka karibu Oldeani. Morani wakawafuata, na hawajarudi mpaka leo. Tukabaki na msanii, droni na mashuka mekundu. Nikamwambia dairekta tulia, mimi nitakuletea morani. Nikaja hapa kituoni, nikauliza nani anajua kuruka."

Wote tukageuka kumwangalia Inosenti.

Inosenti ni mwendesha boda, Mwiraqw wa Rhotia kabisa, na tangu jana hataki tumwite jina lake, anataka Staa. Kakaa kwenye benchi na miwani nyeusi, na jua lenyewe halijatoka.

"Kuruka ni kipaji," akasema. "Niliruka mpaka nikaona mabati ya Karatu."

"Uliruka kama mtu aliyeingiliwa na siafu kwenye suruali," nikamwambia.

"Wivu huo. Mbona mimi peke yangu nimepewa cheni ya kiongozi? Angalia bodaboda wenzangu wote, shingo tupu."

Hapo ndipo akaingia Sitonik. Huyu ni Mmasai wa Olbalbal, mlinzi kwenye loji moja hapa juu, ndo kwanza anatoka lindo. Tunamwita Kimya, maana anaweza kumaliza vikombe viwili hajatoa neno. Akachukua simu, akaangalia. Akaisogeza karibu, akaangalia tena. Halafu Kimya, aisee, akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi.

"Nani alikuvalisha?" akauliza, machozi yanamtoka.

"Dada wa mavazi, wa Dar. Alinunua duka la vinyago."

"Hii cheni ya shaba ya kuzungukazunguka, inayoning'inia hapa shingoni?"

"Hiyohiyo. Alisema inang'aa kwenye kamera."

"Hii inaitwa surutia. Anavaa mwanamke aliyeolewa."

Vichwa vyote vikarudi kwenye simu.

"Mwanamke?" Inosenti akauliza taratibu.

"Aliyeolewa. Hapo wewe ni mke wa mtu. Tena unaruka."

Weee! Gia Moja alianguka kwenye benchi, Selestina akamwaga kahawa. Inosenti peke yake hakucheka. Akavua miwani, ndo nikakumbuka. Jumapili hii anaenda Olbalbal kujitambulisha kwa Mzee Moloimet, baba wa mchumba wake Naserian. Mwaka mzima mzee kakataa hata kumsikiliza, Naserian kabembeleza mpaka sauti imekauka, ndo wiki iliyopita mzee kasema haya, aje.

"Labda hajaiona," Inosenti akasema. "Yule ni mzee wa boma, video ataipatia wapi?"

"Mzee ana simu kubwa kuliko yako," Sitonik akamjibu. "Anaangalia picha za madume ya ng'ombe wa Kenya kila siku."

Simu ya Inosenti ikaita. Kuangalia: Baba Naserian.

"Usipokee!" nikasema.

"Pokea, weka spika!" Gia Moja akaamuru. "Na uanze na Kimasai, umlainishe!"

Inosenti akapokea, akaweka spika.

"Takwenya," ikasema sauti nzito.

Bwana wee, uso wa jamaa ukachanua. Hiyo anaijua! Naserian kila siku anasalimiwa hivyo na watu wa kwao, na jibu lake Inosenti kalishika vizuri kabisa.

"Iko!" akajibu kwa nguvu, kama yuko gwaride.

Sitonik akajifunika shuka usoni. Upande wa pili wa simu tukasikia watu wengi wakicheka, na kwa mbali sauti ya Naserian.

"Hiyo ni salamu ya wanawake," Sitonik akanong'ona. "Sisi tunaambiwa supai, tunajibu epa."

"Shikamoo baba!" Inosenti akaropoka. "Baba, mimi nilivalishwa tu!"

"Marahaba, mama. Pole na kuruka."

"Baba, mimi ni mwanaume!"

"Naserian pia anasema hivyo. Tangu jana anakutetea, akikumbuka anacheka, maziwa yote amemwaga."

Inosenti akaisogeza simu mdomoni. "Sasa baba... Jumapili nije, au ndo basi?"

Selestina kashika birika hewani.

"Mimi siongei habari za mahari na mke wa mtu," mzee akasema. "Mume wako aje, tuongee naye." Akakata.

Inosenti akaishusha simu kama imejaa maji. "Amenikataa."

"Hapana," Sitonik akasema, safari hii hacheki. "Mzee Moloimet akikataa hatanii, anazima simu. Hapo anataka mtu mzima wa kukusemea. Umekubaliwa, arifu."

"Kweli? Sasa huyo mume nampata wapi?"

Gia Moja akasimama, akakung'uta vumbi kwenye suruali, akanyoosha kola.

"Jumapili nakupitia asubuhi, mke wangu," akasema. "Na usinicheleweshe kwa kujipamba."