Viti Viwili na Sindano Moja

Jumatatu, 4 Machi
Profesa ametangaza kwamba nafasi ya msaidizi wa utafiti ni moja tu. Sisi tuko wawili: mimi na mwenzangu ninayemwita Miwani. Mwenye matokeo mazuri ndiye atakayebaki. Kazi yenyewe nyepesi. Watu wawili wa makabila tofauti, wasiojuana, wanaingia chumbani, kila mmoja na kiti chake. Wanashona mto mmoja kwa sindano moja. Mwishoni tunapima kama viti vimesogeleana. Watu wa Miwani wamesogeleana hadi magoti yakagusana. Wangu, fundi viatu na muuza magazeti, kila mmoja kajibanza kwenye kona yake, sindano wakirushiana. Roho imeniuma. Mke wangu nimeshamwambia kazi nimeipata.

Jumanne, 5 Machi
Nimewahi ofisini na kuvipigilia viti misumari sakafuni, bega kwa bega. Safi sana! Kinyozi akaketi, mwalimu mstaafu naye. Kisha mwalimu akataka kujisogeza. Akavuta, akavuta, akabaki na mgongo wa kiti mkononi. Profesa akauliza misumari imetoka wapi. Nikasema mchwa. Sijui kwa nini nilisema mchwa.

Jumatano, 6 Machi
Wazo! Nitawaleta shangazi na mama mkwe. Makabila tofauti, hilo kweli. Hawajuani, hilo uongo, ila tangu harusi yangu hawasemezani, kwa hiyo ni karibu kweli. Shangazi alisema hakai chumba kimoja na yule mwenye maringo. Mama mkwe akasema yaleyale, kwa lafudhi yake. Nikamnong'oneza kila mmoja kwamba mwenzake ameomba radhi. Wakalainika. Mke wangu anasema nitajuta. Hana jicho la kisayansi.

Alhamisi, 7 Machi
Tulikaa nyuma ya kioo cha kuchungulia chumba: Profesa, Miwani na mimi. Shangazi na mama mkwe wakaweka viti vyao mbali. Wakaanza kushona. Hatimaye shangazi akasema haya, amemsamehe. Mama mkwe akashangaa, akasema yeye ndiye anayesamehe. Shangazi akasogeza kiti, akauliza ni nani aliyemwambia hivyo. Kijana wetu, akajibiwa. Mama mkwe naye akasogea, akauliza kama ni kweli shangazi alisema harusini kwamba yeye mama mkwe amevaa kama pazia. Shangazi akasema aliyeitwa pazia ni yeye shangazi, na aliyemletea habari ni kijana huyohuyo. Viti vikagongana.

Ile habari ya pazia ilikuwa mbinu yangu tu, jamani, wasije kunitembelea pamoja!

Wakacheka hadi machozi. Mto ukaisha, mishono imenyooka. Niliona fahari, kwa kuwa hata Miwani hajawahi kupata viti vya kugongana. Ndipo Profesa aliponigeukia taratibu na kuuliza kijana huyo ni nani.

Ijumaa, 8 Machi
Kazi kapewa Miwani. Nimelia chooni, nasema ukweli. Profesa, kwa upande wake, amefurahi mno. Anasema huenda makabila hupatana upesi yakipata mtu mmoja wa kulaumu kwa pamoja. Ananitaka nibaki kama kifaa cha utafiti. Niketi na washiriki, niongee kama kawaida yangu.

Jumamosi, 9 Machi
Shangazi na mama mkwe wamehamia sebuleni kwangu. Wanashona mto wa pili. Salamu yangu hawaitikii.

Nimekaa, nimetafakari, kosa langu nimeliona. Niliwaweka chumba kimoja! Jumatatu nitamnong'oneza Miwani kwamba Profesa anasema anavaa kama pazia. Kisha nitapita kwa Profesa, akiwa peke yake, na habari ileile.