Pumba za Kilonzo

Siku muuguzi aliposimama sokoni Mutomo na kipaza sauti, watu walisikia onyo. Kilonzo alisikia biashara. Muuguzi alieleza kwamba utumbo una bakteria wazuri, kwamba chakula chao ni nyuzinyuzi za kunde, mbaazi, mboga na nafaka isiyokobolewa, na kwamba anayewalisha hupunguza hatari ya saratani ya utumbo. Akamalizia kwamba anayeona damu chooni asikae nayo, akapimwe. Hilo la mwisho Kilonzo hakulipenda. Alimeza chips zake, akaelekea posho mill, kwenye mashine ya kusaga mahindi, ambako pumba hufagiliwa na kumwagiwa kuku.

Kabla wiki haijaisha, pumba hizo zilikuwa kwenye mikebe yenye kibandiko cha kijani: Chakula cha Bakteria.

Wa kwanza kunasa alikuwa Mutie, mwenye duka la simiti. Tangu apate pesa, Mutie alikuwa amepiga marufuku isyo nyumbani kwake. Mahindi na maharagwe, alisema, ni chakula cha watu wasio na maendeleo. Alikula mkate mweupe asubuhi na wali mweupe jioni, na maendeleo yakamfunga choo. Kilonzo alimwekea tumboni kile kifaa cha daktari cha kusikilizia kifua, akafumba macho kwa huzuni.

"Mzee, huku ndani ni kama kanisa siku ya Jumatatu."

"Hakuna mtu?"

"Kuna mlinzi tu, na yeye amelala."

Mutie alinunua mikebe ya nyumba nzima. Pumba hazijui zimeuzwa na nani. Zilifanya kazi yake. Jumapili akatoa ushuhuda kanisani, kwa undani ambao mchungaji hakuuomba, na kutoka hapo kibanda cha Kilonzo hakikukauka watu. Walikuja walimu, wakaja wenye nyumba za kupangisha, wakilipia kwa furaha kile ambacho kuku wao walikuwa wakila bure.

Kwenye kibanda cha jirani alikuwepo Bushra, muuza leso na viungo, ambaye ukoo wake ulitoka pwani zamani. Aliona kwamba Kilonzo hagusi mikebe yake mwenyewe. Aliona pia kwamba akienda chooni hukawia, na hurudi ametoka jasho.

"Kaka Kilonzo," alimwambia taratibu, "hiyo damu imeanza lini?"

Hakuwa ameona damu yoyote. Alibahatisha tu. Lakini Kilonzo alikaa chini, juu ya mikebe yake.

Alikuwa ameificha kwa muda. Hospitali aliiogopa, maana alisikia huko mtu huingizwa kamera kupitia mlango wa nyuma. Bushra alimhurumia sana, akamtajia Mzee Kiema wa Kilungu, anayetibu kwa majani bila kumvua mtu nguo, ila mgonjwa lazima akae huko mpaka dawa iishe. Kibanda angemwangalizia yeye, kama jirani. Kilonzo, ambaye hakuwahi kumwamini mtu, alimwachia ufunguo, mikebe, kifaa cha tumbo na hata laini ya simu ya wateja.

Huko Kilungu, Kilonzo alipanda na kushuka vijia vya milima akiulizia. Alionyeshwa Kiema mwalimu, Kiema wa maparachichi, na Kiema aliyekwisha kuzikwa. Jioni alikaa chini njia panda, akaelewa kwamba Bushra amemcheza. Uso ule wa huruma alikuwa nao hata yeye. Ndio aliomwonyesha Mutie. Lakini hofu ilibaki palepale, na sasa hakuna aliyebaki wa kumdanganya, hata nafsi yake. Akaenda hospitali.

Kamera iliingia. Akisubiri majibu alilia waziwazi, na mgonjwa wa kando akamshikia kofia. Daktari alimwambia si saratani, ni bawasiri, kwa sababu ya choo kigumu. Akamuuliza anakula nini.

"Chips."

"Na nini tena?"

Kilonzo alifikiri. "Soda."

Akaamriwa kunde, isyo, maji mengi, na kwa kuanzia, pumba.

Aliporudi Mutomo alikuta kibanda ni mbao tupu. Posho mill wakamwambia pumba zote zimeshachukuliwa na Bushra, aliyehamia Kitui mjini. Alimfuata huko akiwa amejiandaa kwa kelele, akakuta foleni imefika barabarani, Mutie akiwa mbele. Angeshtaki nini? Kwamba ameibiwa uongo wake?

Akapanga foleni. Zamu yake ilipofika, Bushra alimtazama kama mteja yeyote.

"Mkebe mdogo au mkubwa?"

Kilonzo alijishika tumbo. "Mkubwa."