Kuku Wangu na Bata wa Bi Kwaya

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza masomo ya kompyuta. Uzee huu, magoti haya. Shule sikuiona hata mlango wake. Herufi nilifundishwa na marehemu mume wangu, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jikoni.

Sababu ni hii. Jumapili binti yangu na mumewe wanahamia mbali, na wanaondoka na mjukuu wangu. Bado anatambaa. Halali mpaka nimbebe mgongoni nimwimbie wimbo wangu wa kuku anayefunika vifaranga mvua isiwanyeshee. Mtoto mdogo hivyo husahau upesi. Nitakapoonana naye tena atanitazama kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji.

Mwalimu ni msichana mpole, anafundisha wasiojua kitu kabisa, kwenye chumba cha juu cha maktaba. Hakuna kuandika maneno marefu. Unachukua vipande vya rangi kwenye skrini, unavipachika kimoja chini ya kingine kama matofali, na mnyama aliyechorwa anafuata ulivyopanga. Mpango wangu: kuku mweupe. Mjukuu akimgusa kwenye tableti ya mama yake, kuku afungue mdomo aimbe kwa sauti yangu. Mwalimu kasema inawezekana, nijirekodi kwa simu, wimbo uwe faili, tulipandishe faili humo.

Nimerudi nyumbani natembea kama msichana.

Jumanne, 4 Machi

Ubaya wangu ni mdomo. Nilimsimulia binti yangu, naye kamsimulia mumewe, naye kamsimulia mama yake. Leo naingia darasani, nani kakalia kiti changu? Mkwe mwenzangu. Hapa namwita Bi Kwaya, maana ameimba kwaya maisha yake yote na hakuna asiyeambiwa. Kanisalimia kwa adabu, kasema, mwenzangu, nasikia tunamtengenezea mjukuu wetu zawadi. Tunamtengenezea. Mjukuu wetu.

Kompyuta hazitoshi. Mwalimu katuweka wawili kwenye moja. Bi Kwaya kachagua bata, na bata naye mweupe, ilimradi anifuate.

Faili lake limerekodiwa na fundi wa kwaya, safi kama maji ya kuchemsha. Langu nimerekodi jikoni na kifuniko cha sufuria kinasikika kikianguka. Nimewaambia kifuniko ni sehemu ya wimbo.

Jumatano, 5 Machi

Nilitaka kuku aimbe bila kuchoka. Nikachukua kipande cha kurudia milele, ndani yake nikapachika kile cha kuanzisha sauti. Kuku kashikwa na kwikwi. Ku, ku, ku, ku, hata neno la kwanza halimtoki. Bi Kwaya kacheka mpaka kapangusa macho. Mwalimu kanieleza taratibu: kipande kile huanzisha wimbo wala hakiusubiri, basi unaanza upya kabla haujafika popote. Nichukue kile cha kucheza sauti mpaka mwisho.

Nikabadilisha. Kuku kaimba wimbo wote, na kifuniko kikaanguka mahali pake.

Sijawahi kuisikia sauti yangu nikiwa pembeni. Ni ya mzee. Ni ya mama yangu, hasa pale ninapovuta pumzi. Mama alikufa zamani na hakuna aliyemrekodi. Bi Kwaya kanisogezea leso yake. Nimeikataa. Ninayo yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewaza tangu asubuhi. Bata anaimba vizuri mno. Mtoto atamzoea bata, na kuku atabaki pambo.

Kuna kipande cha ukubwa wa sauti. Unakiandikia namba. Ukiandika sifuri, mnyama anafungua mdomo na hakitoki kitu. Bi Kwaya kaenda msalani. Nikaandika sifuri, nikapachika, nikakunja mikono kama mtu anayesubiri daktari. Mwalimu hutukumbusha kila siku: kabla ya kupachika, angalieni picha zile za chini ni mnyama gani mmemgusa, maana kila mnyama ana vipande vyake. Sikuwa na nafasi hiyo. Bi Kwaya hakai sana msalani.

Jumamosi, 8 Machi

Nyumbani kwa binti yangu maboksi yamejaa mpaka mlangoni. Tumekaa juu ya maboksi. Mjukuu kapewa tableti. Kagusa bata. Bata kaimba kama yuko jukwaani.

Kagusa kuku. Kuku kafungua mdomo, kafunga, kafungua. Kimya.

Mkwe wangu kasema labda faili limeharibika. Mtoto kagusa tena. Kagusa tena. Halafu kaiacha tableti, kageuka, kanitazama mimi mdomoni.

Nimembeba. Nimeimba. Kalala kabla vifaranga hawajaingia wote chini ya bawa.

Niliporudi sebuleni Bi Kwaya alikuwa kaishika tableti. Kanivuta pembeni, kanong'ona kwamba ile sifuri nilimwekea kuku. Nikasema ni hitilafu ya mashine. Kasema, ndiyo, mwenzangu, iliingia nilipokwenda msalani. Alikuwa ameshaitoa. Kasema hata yeye anaogopa kusahauliwa. Hakumwambia mtu. Nimembebea mkoba wake mpaka nje.

Ni mtu mwema. Neno hili naliandika hapa, ambapo hataliona.

Jumapili, 9 Machi

Wameondoka. Nilimbeba mpaka gari lilipowashwa. Mgongo una baridi.

Jumatatu, 17 Machi

Bi Kwaya kakaukiwa sauti, anakohoa. Nimempelekea supu, nimemgombeza kwa kukaa miguu mitupu, nimemfunika mwenyewe. Kanishukuru kwa mikono, maana sauti hana. Nimemhurumia kweli.

Kutoka pale nikapitia darasani. Kompyuta yetu, mimi peke yangu. Mwalimu alishatueleza kwamba tukibadilisha kitu huku, kwenye tableti kule nako kinabadilika. Nimempunguza bata. Si sifuri, mimi si mtu mbaya. Kidogo tu, asisikike sana. Na safari hii niliangalia chini kwanza, kama mwalimu anavyotaka. Mnyama mweupe, mdomo wa njano. Nikagusa, nikapachika.

Jioni binti yangu kapiga simu. Kasema, Mama, kuku wako siku hizi anaimba kwa kunong'ona. Mtoto anamgusa, kisha analaza sikio juu ya skrini ili amsikie, na usingizi unamchukua hapohapo, shavu juu ya kuku. Kauliza kama nilimpunguza makusudi.

Nikasema, ndiyo, mwanangu, mimi nawajua watoto.

Nikakata simu, nikakaa na leso yangu.

Kuku kapungua vipi, sijui, mashine hizi zina mambo yake. Lakini bata bado anapaza sauti kule, na hilo halivumiliki. Kesho nampa kile kipande cha kurudia milele na kile cha kuanzisha sauti, apate kwikwi. Bi Kwaya hatoki kitandani mpaka Alhamisi. Wala sina haja ya kumsumbua mwalimu. Namgusa yule mweupe, basi.