Profesa Émile Nyuma ya Ukuta

Jumanne, 18 Mei 2021

Mimi ni mutu wa bahati. Sijisifu, naandika tu yenye iko. Lava ya 2002 ilikula nyumba tatu za jirani, ikafika kwa baba yangu, ikageuka. Hata choo yetu iliiacha. Na sasa tena: shule ya sekondari imekodi parcelle, kiwanja cha pembeni ya secrétariat yangu ya photocopie hapa Katoyi, Goma. Kati yetu na wao, ukuta wa mbao. Nyuma ya ukuta, Profesa Émile anafundisha hesabu kwa finalistes, wale wa mwaka wa mwisho, na sauti yenye inaweza kuuza samaki kutoka ngambo ya ziwa.

Nimeingiza telefone katika ufa. Narekodi. Natuma kwa groupe ya WhatsApp. Système ya Taifa ya Masomo ya Mbali imezaliwa leo saa mbili ya asubuhi. Fondateur: mimi, Gentil. Réseau ya telefone ni ya nchi ya jirani, ile yetu haifiki hapa. Système ya taifa letu, réseau ya taifa la wengine. Hayo ni mambo madogo.

Léonie, bibi yangu wa ndoa, anauliza kwa nini sikumuomba Émile ruhusa. Na Émile tulikaa banc moja ya shule mpaka la quatrième. Yeye aliendelea, mimi nilichagua maisha. Leo ananiita Monsieur Photocopie mbele ya watu. Nimuombe yeye?

Alhamisi, 20 Mei

Wanafunzi wako Bunia, Kalemie, Kindu. Matatizo ya mwanzo yapo. Jana katikati ya somo Émile alimkemea mutoto mmoja: wewe wa nyuma, toka inje. Yule wa Kalemie aliandika kwamba ametoka, mvua inanyesha, atarudi saa ngapi. Nilimjibu avumilie, discipline ni sehemu ya masomo.

Mwanafunzi wangu wa kwanza ni Umwiza, binti ya dada wa Léonie. Alifika kutoka Masisi mwezi wa ine, risasi nyuma yake, bila daftari hata moja. Préfet, mukubwa wa shule, alisema la sixième, darasa la mwisho, imejaa, lakini atamfanyisha interro, jaribio la hesabu, mwezi wa sita. Akipata nusu, atamuandika kwa examen d'État, mtihani wa taifa, pamoja na wengine. Akikosa, basi. Na mama yake, Mukamugema, amesema wazi: akikosa, arudi Masisi, kuna mufugaji mwenye ng'ombe nzuri anangojea jibu.

Nilimwambia Mukamugema katika telefone asipokee ng'ombe hata mmoja. Système inamushughulikia.

Umwiza aliweka sikio kwa spika, akaandika.

Jumapili, 23 Mei

Mulima umetapika moto jana jioni. Mbingu yote nyekundu, watu wote barabarani na magodoro. Mimi nilifunga photocopieuse juu ya chukudu, baisikeli yetu ya mbao, nikasukuma mpaka mikono ikafa ganzi. Tulipofika mbali Léonie aliuliza chakula kiko wapi. Nikamwambia chakula kinanunuliwa, photocopieuse haizaliwi mara mbili.

Lava imesimama kabla ya kufika kwetu. Niliwaambia: bahati. Tumerudi leo. Ukuta iko nzima. Lakini nyuma yake hakuna mutu, shule zimefungwa. Niliweka telefone katika ufa kwa mazoea tu. Ilirekodi kuku.

Ijumaa, 28 Mei

Jana walitangaza tuhame mji, udongo unatetemeka kila saa. Sasa tuko Sake, katika salle moja ya shule ya kanisa, familia mingi mno, kila moja nyuma ya pagne iliyotundikwa kwa kamba. Umwiza anasoma kurasa zile zile za zamani. Interro haijafutwa. Préfet mwenyewe amelala salle ya pili, na anasema atamfanyisha hata juu ya mawe.

Jioni nilisikia mutu anakohoa nyuma ya pagne yetu. Kikohozi kile nakijua, nimekituma Kindu mara ngapi. Émile! Pamoja na Valérie, bibi yake.

Nililala nikicheka. Jana ukuta wa mbao, leo ukuta wa kitambaa. Technologie inaendelea.

Jumamosi, 29 Mei

Shida moja: hafundishi. Analala chali, anatazama paa, analalamika viazi havijaiva. Nimetuma dakika kumi za viazi. Bunia wameuliza kama ni problème ya kuandika.

Kisha nikakumbuka kitu. Tangu utoto Émile hawezi kusikia kosa akanyamaza. Zamani alimsahihisha padri katikati ya mahubiri kuhusu idadi ya mikate.

Basi nilikaa karibu na pagne, nikamwambia Léonie kwa sauti ya mkutano kwamba racine carrée ya kumi na sita ni nane, sababu nane ni nusu. Nyuma ya pagne: nani huyo mjinga? Ni ine, ine mara ine! Nikarudia. Émile aliruka juu. Alifundisha racines zote mpaka giza, akipiga kitambaa na kidole upande wake. Finalistes wake waliokuwa wanachota maji waliacha vidumu wakaja kukaa.

Nimerekodi yote. Umwiza ameandika yote. Mimi ni pédagogue.

Jumatatu, 31 Mei

Kila siku kosa moja asubuhi, moja baada ya mihogo. Jana nilisema pembe tatu inaweza kuwa na pembe ine kama udongo umetetemeka. Émile alikaribia kulia. Finalistes wanatoka hata katika salle zingine, wanajaza upande wake wote. Umwiza amehamia kule, anasema anasikia vizuri zaidi. Nilimkumbusha kwamba système yangu ni ya masomo ya mbali. Akasema, tonton, ni pagne tu.

Jumatano, 2 Juni

Aibu. Émile alikuwa kwa foleni ya maji. Binti mbele yake alikuwa anarudia somo katika telefone, na Émile akasikia sauti ya Émile.

Alikuja moja kwa moja. Nilimwambia ni profesa mumoja wa Kinshasa, wanafanana sauti, inatokea. Akauliza kama huyo wa Kinshasa naye iko na bibi anaitwa Valérie, mwenye anamuita aje ale viazi katikati ya théorème. Nilisema Kinshasa ni kubwa.

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alisema miaka yote anafundisha, mara ingine bila mushahara, na hakuna mutu aliyewahi kumuuliza kama anataka sauti yake isafiri. Kisha alilala, akageukia ukuta. Finalistes walingoja, wakaondoka mumoja mumoja.

Ijumaa, 4 Juni

Interro ni Jumatatu. Émile ananyamaza.

Nimejaribu yote. Nilisema zéro ni kubwa kuliko moja sababu ni munene. Nilisema pi ni tatu, kile kingine ni kodi ya serikali. Valérie ametuambia bwana yake anatafuna blanketi ili asinisahihishe.

Mukamugema amepiga simu. Bwana wa ng'ombe amerudi na mujomba wake. Nilisema kila kitu iko sawa, Umwiza anasoma mpaka tunamukataza. Umwiza alikuwa pale, alinisikia. Alifunga daftari.

Nilisimama niende kumuomba Émile musamaha. Nilifika kwa pagne. Nikaona vidole vyangu vinashika kitambaa. Nikasema natafuta kiatu. Nikarudi kukaa. Léonie akaniuliza kiatu gani, niko na viatu viwili kwa miguu.

Jumamosi, 5 Juni

Asubuhi nilitoa bunduki yangu ya mwisho. Nilitangaza kwamba équation ya degré ya pili iko na jibu moja tu, kama vile mutu iko na mama mumoja.

Émile alikohoa tu.

Ni Umwiza njo alisimama. Alinitazama bila kucheka, akasema, tonton, unatuchokesha, keti. Akachukua kipande cha makaa, akaandika équation moja juu ya ukuta wa salle, mbele ya watu wote. Alitafuta kitu anaita delta. Aliieleza hatua kwa hatua, kwa sauti ndogo, lakini salle yote iligeuka, hata wenye kupika. Sikuelewa kitu na sikutaka aache. Kisha akafika mwisho, akaandika majibu: moins mbili na moins tatu.

Pagne ilianguka na kamba yake. Émile alikuwa amesimama na singlet, blanketi mdomoni. Akaitema. Signe, mutoto wangu, signe! Ni plus, si moins! Yote uliifanya muzuri, unaniua mwishoni kwa signe?

Walifundishana mpaka jioni. Finalistes walirudi wote. Pagne haikutundikwa tena, na mimi sikurekodi. Batri ilikuwa imeisha.

Jumanne, 8 Juni

Umwiza: hamsini na nane kwa mia. Préfet amemuandika, na amemupatia nafasi darasani. Nilimpigia Mukamugema mimi mwenyewe, nikamwambia ng'ombe warudi kwao. Alilia, Léonie alilia, Umwiza alimkumbatia Émile, kisha akanikumbatia na mimi. Nilikuwa na vumbi katika macho, Sake ni vumbi tupu.

Napokea pongezi kwa jina la système. Njia ya Goma imefunguliwa.

Alhamisi, 17 Juni

Shule imefunguliwa tena. Émile alikuja secrétariat, akanisalimia kwa jina langu. Amekubali kurekodiwa. Niingie kwa mulango, nikae mbele, niweke telefone juu ya meza yake, na wanafunzi wa Bunia waambiwe anaitwa nani. Basi. Léonie aliniambia, Papa, umepata, sema asante.

Nilifikiri. Fondateur wa système ya taifa kuingia darasani kwa mulango, kama mwenye kuchelewa? Ufa wenyewe ulizibwa na tetemeko, lakini mutu iko na mashini ya kutoboa. Nilitoboa leo saa ine, polepole, kwa heshima.

Sikujua kwamba upande ule wametundika tableau mupya, ubao wa kuandikia. Chuma kilitokea katikati ya théorème, kati ya vidole vya Émile. Darasa lote lilianguka chini kwa kicheko, na Umwiza, banc ya kwanza, alicheka kuliko wote. Tableau imepasuka toka juu mpaka chini. Préfet ameita mufundi wa matofali: ukuta utajengwa upya, nene, wa ciment. Na Émile ameondoa ruhusa yake.

Ukuta wangu wa upande mwingine ni wa dispensaire, kule munganga anaeleza wagonjwa dawa kwa sauti kubwa. Mbao laini sana. Kesho natafuta chuma chembamba.

Ile ya bahati niliandika mwanzoni ni uongo. Sina bahati, sijawahi kuwa nayo.